Tulimpa Kiti

Kwetu Kasongo mwanamke haingii kwenye moto wa sherehe kwa kupenda tu. Moto wa nyumbani ni wa kila mtu. Ukiunguza utakula mwenyewe, na mumeo atanyamaza au hatanyamaza, hiyo ni shauri yenu. Moto wa sherehe ni kitu kingine. Ikiwa ni harusi, Maulidi, au matanga ya mtu aliyejulikana, mchele unapikwa kwa magunia, na wanaoupika ni wanawake wachache tu ambao mji unawajua. Nimekaa kwenye moto huo sehemu kubwa ya maisha yangu na bado nipo. Kwa hiyo nina haki ya kuusema vibaya.

Mkubwa wetu alikuwa mjane wa familia moja ya zamani ya mjini, wale ambao mababu zao walisilimu tangu wakati wa misafara. Wote tulimwita Mama Mkubwa, ingawa hakuwa dada wa mama wa yeyote kati yetu. Mtu akiwa na shughuli alimfuata yeye kwanza. Alimletea mchele kiganjani, naye alitafuna punje moja, akasema huu ni wa mavuno haya, maji yake machache. Au huu umelala sana, unataka maji. Baada ya hapo hakuna aliyepima kitu. Sisi wengine tulisikiliza sufuria. Wali ukikaribia kukauka hubadilisha sauti, huacha kelele ukaanza kunong'ona, na hapo ndipo unatoa kuni chini, unafunika kwa majani ya migomba na kupalia makaa juu ya kifuniko. Ukiwahi, watu watakula mchele. Ukichelewa, watakula mkaa. Jambo hilo huwezi kumweleza mtu kwa maneno. Unamweka karibu na moto mpaka masikio yake yajue.

Na njia yetu ya kumweka mtu karibu na moto haikuwa ya upole hata kidogo.

Mimi nilizaliwa kwa wakulima, kwenye vijiji vya nje ya mji, nyumba ya kusali kanisani na kusema Kizimba, lugha ya huko. Niliolewa mjini, kwa Waislamu wenye duka. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa wapishi hao mpaka magoti yalipomkataa. Siku moja alinishika mkono, akanifikisha kwenye ua wenye harusi, akasema, "Nimewaletea mikono," kisha akaondoka zake. Sikujua nisimame wapi. Mama Mkubwa hakunitazama usoni, alinitazama miguuni.

"Hivi viatu unaenda navyo ku misa, ao unakuja kupika?" akauliza. "Vua. Shika lungo. Na usinitolee macho, mie siko bwana yako."

Wote wakacheka. Nilipepeta mchele mpaka mabega yakaniwaka, na kila nilipodhani nimemaliza, mmoja alitia mkono kwenye ungo wangu, akatoa kijiwe, akakiinua juu kama mchimbaji aliyeokota dhahabu. "Mutoto wa shamba haoni jiwe!" Jioni nilirudi nyumbani nikilia. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akisugua magoti yake kwa mafuta ya mawese.

"Wamekutukana?" akauliza.

"Sana, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Basi enda ulale muzuri. Wamekupokea."

Nilidhani ananidhihaki naye. Nina hasira za karibu, nilisema moyoni kwamba sirudi. Nilirudi kwa sababu sikutaka waseme nimeshindwa na mawe.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwenye moto wetu mtu hakuitwa kwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa kwa kile alichoharibu. Siku wakikuachia sufuria peke yako utaharibu, hakuna asiyeharibu, na ulichoharibu ndilo jina lako mpaka ufe. Mimi niliacha kuni nyingi chini nikaunguza wali wa harusi ya binti wa imamu. Tangu siku ile mimi ni Ukoko. Mwenzangu mmoja ni Chumvi, kwa kuwa alitia, akasahau, akatia tena. Tuko watu wazima wenye wajukuu, na tunaitana hivyo sokoni mbele za watu, na asiyetujua anadhani tumegombana. Siku nilipoitwa Ukoko kwa mara ya kwanza nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nilikwenda kwenye moto, nikakuta kati ya mawe ya kukalia limeongezwa jiwe moja. Hakuna aliyesema ni la nani. Nilikaa.

Mama Mkubwa naye lazima alikuwa na jina la namna hiyo. Lakini wanawake waliompa walikuwa wamekwisha kufa, na kati yetu hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nimeeleza haya yote kwa sababu bila haya hutaelewa ubaya tuliomfanyia yule mama, maana ukiuangalia kwa juu juu ulikuwa wema mtupu.

Alikuja wakati watu wa upande wa Kabambare walipokuwa wanaingia mjini kwa miguu, magodoro kichwani. Alitoka vijiji vya Wamaza, huko huko Kabambare. Alikuwa na umri kama wangu, mrefu, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa ya kulima. Wenye bunduki waliwakuta mumewe na mwanawe shambani, na hao wawili wamezikwa huko huko. Yeye alipewa chumba na ndugu wa mbali, nyuma ya soko. Jirani ndiye aliyemleta kwenye moto wetu, asubuhi moja tulipokuwa tunaosha mchele wa harusi. Hakuja kutafuta kazi ya kulipwa. Moto wetu haulipi mtu, labda sahani yako na kichwa cha mbuzi. Alisema mwenyewe alichokuja kutafuta.

"Nataka nipike na nyie," akasema. "Nikibaki mu nyumba peke yangu, mawazo itaniua."

Ilikuwa wazi namna hiyo. Hakuzungusha maneno. Nikiyakumbuka leo naona kwamba hakuna mtu aliyewahi kuja kwetu akijua anachotaka kama yeye.

Mimi nilifurahi, na sababu yangu haikuwa ya kujivunia. Baada yangu hakuwa ameingia mtu mwingine. Wasichana wetu siku hizi wanapanda pikipiki kwenda Salamabila kuwauzia wachimbaji sabuni na vitenge; nani anataka kukaa na vikongwe kwenye moshi? Kwa hiyo mimi, pamoja na umri wangu, ndiye niliyekuwa mdogo wa moto, ndiye wa kupepeta na kuosha. Nilipoiona ile mikono nikasema, Mungu mkubwa, leo nimepata wa kumtukana.

Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameanza kulia. Hatukuwahi kumwona akilia. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamtuma mtu nyumbani kwake kuleta kiti. Alikuwa na kiti kimoja cha plastiki cheupe, chenye mikono, ambacho alimkalisha shehe akija. Kikaletwa, kikawekwa mahali pazuri, moshi usipofika.

"Mutu aliyebeba yale yote," akasema, "kwangu habebi tena hata kopo ya maji. Kaa, mama. Hapa ni kwako."

Yule mama akakaa. Sisi tulikuwa tumechuchumaa, wengine kwenye mawe, mmoja juu ya kinu kilichopinduliwa, na yeye akawa juu yetu na mikono yake mapajani. Tulijisikia watu wema sana siku ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliambiana. Methali ya pili tuliijua pia, kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo hakuna aliyeitaja.

Alikuja kila palipokuwa na moto. Alifika mapema, amefunga kitenge vizuri kiunoni kama mtu wa kazi, na kila mara alikuta kiti. Akiinama kuchukua ndoo, mmoja alimwahi: "Acha, mama, utachoka." Akishika kuni, mwingine alizitoa mikononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Sahani ya kwanza ilikuwa yake, kabla hata ya wenye harusi. Na akiwepo tulibadilika. Hatukutukanana. Chumvi, ambaye ana mdomo mchafu kuliko wote katika mji huu, alisema "tafadhali." Moto wenyewe ukawa kama sebule ya watu wasiojuana. Tulimwita Mama Mugeni, kwa heshima, na kila alipoitwa hivyo aliinamisha kichwa kidogo.

Siku moja nilikuwa nimechoka. Ilikuwa hitima ya mzee mmoja mfanyabiashara, magunia mengi, na Mama Mkubwa alikuwa ameitwa ndani ya nyumba. Nilikaribia kile kiti, nikamwekea yule mama ungo wenye mchele mapajani. Sikufikiri mengi. Nilisema tu, "Nisaidie, mgongo umekatika."

Laiti ungeuona uso wake. Vidole vyake viliruka kwenye mchele, mawe yakatoka moja baada ya jingine, na baada ya muda akaanza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa kwao, wa Kibangubangu. Mimi Kibangubangu sikijui. Nilimuuliza unasema nini, akacheka, akasema ni wimbo wa kumsema mwanamke mvivu wa kupalilia. Akaanza kunieleza mpunga wao wa Wamaza, wanavyoupanda pamoja na karanga, na ndege wanavyowasumbua. Alisema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aje. Kisha akatazama kwenye ungo niliokuwa napepeta mimi, akatoa kijiwe nilichokiacha, akakiinua juu. Hakusema kitu. Lakini alikiinua, nami nikajua alikuwa ametuangalia vizuri muda wote.

Hapo ndipo Mama Mkubwa akatoka ndani.

"Ukoko!" akapiga kelele. "Uko na akili kweli? Mugeni wetu ndiye wa kukufanyia kazi? Mikono yako ilioza? Toa lungo pale! Muvivu weye, ulikuwa muvivu toka siku ya viatu na utakufa muvivu!"

Aliendelea kwa muda. Nilitoa ungo, nikainama, nikapepeta kwa hasira mpaka pumba zikaruka kwenye macho ya Chumvi. Nilipoinua kichwa nilimwona yule mama ananitazama. Nilidhani ananionea huruma, nikakasirika zaidi, maana sipendi kuonewa huruma. Haikuwa huruma. Imenichukua muda mrefu kulijua lile jicho. Alikuwa ananionea wivu. Mimi niliyetukanwa mbele ya watu, nikiwa na jina langu na jiwe langu na mgongo unaouma, yeye alinionea wivu.

Ningesema jambo? Labda. Lakini mdogo wa moto hamfundishi mkubwa wa moto, na ukweli ni kwamba wakati ule sikuwa nalo la kusema. Nilikuwa na hasira tu.

Yakaja Maulidi. Kwa Maulidi tunaanza alfajiri, mara baada ya swala, na kila mtu hufika na kuni alizopangiwa. Siku ile tulipoingia uani tulikuta moto umekwisha kuwaka. Yule mama alikuwa ametangulia. Alikuwa amepanga mafiga, ameinjika sufuria kubwa, mchele umeshatumbukizwa, maji yanachemka, na yeye amesimama pembeni ameshika mwiko kwa mikono miwili. Kiti alikuwa amekisukuma mpaka ukutani.

Na alikuwa ameharibu. Tulijua kabla hatujavuka mlango, kwa pua. Alikuwa amekata kuni za mti wa avoka, yaani mparachichi, mbichi, za kwenye ua uleule, kwa kuwa hakuwa amepangiwa kuni na mtu. Avoka mbichi hauwaki, unatoa povu na kulia, na moshi wake mzito unaingia kwenye wali hata ufunike kwa kitu gani. Mfuniko ulikuwa haujakaa sawa. Gunia zima lilikuwa limekwisha kunuka moshi.

Nimekwisha kusema kwamba kila mtu wa kwetu aliharibu kitu. Basi na yeye aliharibu, tena vizuri, siku ya Maulidi! Mtu angetafuta kosa bora zaidi asingelipata. Kama angekuwa mwingine, Chumvi angeanguka chini kwa kicheko, tungepiga vigelegele vya kejeli, tungemwita Moshi, au Avoka, au Mama Povu, tungemwita hivyo mpaka kaburini. Na yeye alikuwa anangoja. Alisimama wima na ule mwiko, amemtazama Mama Mkubwa usoni. Mama Mkubwa akafungua mdomo. Nami nilimjua, nilijua kilichokuwa kinapanda kooni mwake, kilikuwa tusi zuri sana.

Akalimeza.

"Haizuru, mama," akasema kwa upole. "Aksanti kwa moyo wako. Njo ukae."

Akamshika kiwiko, akamrudisha kwenye kiti. Sisi tukauzima moto kimya kimya, tukamwaga ule wali nyuma kwa kuku, tukaanza upya. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyecheka. Ndoo ziligongana kidogo na mtu akasema samahani. Yule mama alikaa, mikono mapajani, akatazama mbele. Sijawahi kuona mtu akisamehewa vile, na naomba nisisamehewe vile hata siku moja.

Sahani ya kwanza ilipofika, hakuila.

Hakurudi kwenye moto. Tulisema labda anaumwa. Kisha tukasikia kwamba njia ya Kabambare imetulia kidogo, watu wanaanza kurudi, na yeye alipanda pikipiki ya kwanza iliyokubali mzigo wake. Hakuaga. Mgeni mwenye adabu kama yeye kuondoka bila kuaga kulitushangaza, na kuna waliosema hana shukrani, na sisi tulivyomtendea mema yote yale. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Mambo yakaenda. Mama Mkubwa alianza kuvimba miguu, kisha hakuweza kuinuka. Tulimtembelea kwa zamu, na alilala karibu na dirisha ili asikie mji unapika nini. Siku moja ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa namlisha uji, naye akasukuma kijiko.

"Ukoko," akasema. "Unajua waliniita nani mu moto?"

Nikasema hapana, mama.

"Muchanga. Wali ya kwanza niliyopika, mashehe walitafuna muchanga mupaka wakasimama." Akacheka mpaka akakohoa. "Niliogopa kurudi. Mukubwa wetu wa wakati ule akanifuata mupaka ku mulango ya mama yangu, akaniita kwa nguvu, Muchanga! watu wote wa njia wakasikia. Nikatoka. Nikajua niko mutu wao."

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Na ule mama wa Wamaza, sisi tulimuita nani?"

Alijua tulimwita nani.

"Mugeni," akasema mwenyewe. "Mupaka siku ya mwisho, Mugeni. Nilimuona iko natafuta mahali, nikamupa kiti. Nilimuhurumia mbaya." Machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo na hakuyafuta. "Siku ya avoka ningemutukana tu. Maneno ilikuwa hapa, ku ulimi. Sababu gani sikumutukana?"

Nilimshika mkono. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia haidhuru, maana neno hilo lilikuwa limekwisha kutuumiza.

Akanituma. Nitafute motari yeyote, dereva wa pikipiki, anayekwenda Wamaza, nimpe maneno, na maneno yafike kama yalivyo, yasipunguzwe. Nikampata mmoja sokoni anafunga madumu. Nikamwambia: mtafute mama fulani, mrefu, aliyekuwa mkimbizi Kasongo, umwambie Mama Mkubwa anasema hivi: "Moto wako ulikuwa mubaya sana. Tangu nizaliwe sijaona mutu mujinga wa kuni kama weye. Ulinimwagisha gunia zima la Maulidi. Kuya haraka nikufunze, nyungu yako iko nakungoja." Motari alinitazama, akauliza kama ninataka kweli apeleke matusi kwa mhanga wa vita. Nikamwambia peleka, na ukipunguza hata tusi moja nitajua.

Mvua ziliharibu njia. Pikipiki zilikwama kwenye mito, waliokwenda hawakurudi upesi, na mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha. Mama Mkubwa aliuliza kila asubuhi. Alikufa bila kupata jibu, akiwa ameelekea dirishani, siku ambayo katika mtaa ule hakuna aliyekuwa anapika kitu cha maana.

Hitima yake tuliipika wenyewe. Nani mwingine? Tulikuwa tumebaki wachache, na uani kwake kulikuwa na wali wa watu wengi kuliko tulivyowahi kupika bila yeye. Nililetewa mchele kiganjani. Nilitafuna punje, wote wakanitazama, na sikujua kama umelala au haujalala. Nilibahatisha maji. Nilikuwa nasikiliza sufuria pikipiki iliposimama nje, na yule mama akaingia.

Alikuwa amenenepa kidogo, na kitenge chake kilikuwa na matope mpaka magotini. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akasema pole, akasimama pale kwenye moto. Niliinuka, nikachukua mwiko wa Mama Mkubwa, ule ambao hakuna aliyeugusa tangu augue, nikamwendea nao. Nilikuwa nimeshaandaa tusi. Lakini kabla sijafika, binti mmoja wa nyumba ile, mwenye malezi mazuri, alikuwa amekwisha kuona mtu mgeni, akakimbia ndani, akatoka na kile kiti cheupe.

"Karibu, mama," akasema. "Ukae."

Nilitaka kukipiga teke. Yule mama akakitazama, akatabasamu, akakaa. Alikaa vizuri, ameegemea, kama mtu aliyefika safari.

"Maneno ilinifikia," akaniambia. "Nilicheka sana, nikalia. Nilitaka kukuja mbio mbio ili anitukane na mudomo yake. Mito ilikatala."

Nikamnyooshea mwiko. Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Shika basi. Sufuria inakungoja. Mjinga wa kuni weye."

Akaweka kiganja juu ya mwiko, hakuufunga. Akaurudisha kwangu polepole, kama tulivyokuwa tunamtolea vitu mikononi.

"Hapana, dada," akasema. "Leo niko mugeni kweli. Nipe sahani nile, nimuombee, niende. Kesho kule kwetu kuko arusi."

Nilimpakulia sahani ya kwanza. Aliila yote na akasema wali umekauka vizuri, ingawa ulikuwa na maji. Tulizungumza habari za njia na za mvua. Kisha motari akapiga honi, akachungulia mlangoni.

"Mama Uji!" akaita. "Mama Uji, tuende, mvua iko nakuya!"

Chumvi akaacha ndoo. Sote tukageuka.

"Uji?" nikauliza.

Yule mama akafunika mdomo kwa mkono. Mabega yalikuwa yanamcheza.

"Nilitia maji mingi," akasema. "Arusi ya kwanza niliyopika na wamama wa kule, wali yote ikakuwa uji. Watu wakakunywa na vikombe! Walinicheka, dada, walinitukana mupaka nikakosa pa kupita. Sasa hata watoto wananiita vile."

Niliwaonea wivu wale wanawake wa Wamaza nisiowajua. Niliwaza kwamba labda hata si wapishi wazuri kama sisi. Motari akaita tena, Mama Uji, na kule nje mtu mwingine aliyekuwa naye akadakia jina hilo, akacheka. Yule mama akainuka, akatuaga kwa haraka, akavua viatu akavishika mkononi kwa ajili ya matope, akatoka mbio akimjibu kwa matusi. Muda wote aliokaa kwetu hatukuwahi kumwona akikimbia.